Naserian Hapunguzi Wala Haongezi

Ukitaka suruali fupi, nenda kwa Naserian pale Sekei, umpigie hadithi wakati anakupima. Hakuna aliyewahi kumgombeza kwa hilo, maana kosa si lake. Yeye hupitisha utepe kiunoni, hukitamka kipimo chini kwa chini, tena na tena, kisha huvuka chumba kwenda kwenye meza ya kukatia iliko chaki. Chumba chenyewe kidogo, ni pua na mdomo. Lakini mteja wa Arusha hawezi kuona ukimya akauacha upite salama. Ataanza tu, "Enhe, Mama Anneth, umesikia habari za yule dada wa duka la pembeni?" na hapo hapo kipimo kimekwenda zake. Naserian hurudi, humtazama mteja kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyemkuta anatafuna nguo kwenye kamba, na kupima upya. Ila wapo anaowaheshimu mno, wazee wa kanisa na mashemeji, ambao huona haya kuwapima mara ya pili. Hao ndio utawaona Jumapili suruali zimewaacha soksi nje.

Ni mwanamke huyo huyo, anayepoteza kiuno cha mtu njiani kati ya mlango na meza, ambaye kila Jumapili husimama mbele ya kanisa lao la Kilutheri kule Elerai na kubeba mahubiri mazima kutoka Kiswahili kwenda Kimaa, lugha ya Wamaasai. Bibi wa mabenchi ya mbele wanamtegemea yeye. Mchungaji anasema sentensi, Naserian anaisema kwa Kimaa. Na wakati anaisema hiyo, mchungaji mwenye haraka keshaanza nyingine, kwa hiyo mdomo wa Naserian uko nyuma na masikio yako mbele, na katikati yake kuna maneno yanayosubiri zamu. Haandiki. Alijaribu siku moja, akaona kwamba akiinamia karatasi masikio nayo yanainama. Mabibi wana sifa moja wanayompa, na wanaitoa kama cheti: Naserian hapunguzi wala haongezi.

Kituko ni kwamba akishuka pale mbele, hakumbuki kitu. Binti yake Anneth, ambaye Jumapili huwa na kwaya na akili yake iko kwenye sauti ya pili, humuuliza wakiwa njiani, "Mama, leo mchungaji alihubiri nini?"

"Alihubiri vizuri."

"Kuhusu nini?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa natafsiri. Nitayasikilizia wapi?"

Anneth hucheka mpaka anashika ubavu. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza huko Tengeru, na kwa watoto wake analiona jambo hilo hilo kila asubuhi. Ukimwambia mtoto atoe daftari, aandike tarehe, achore mstari, kisha ampe mwenzake kifutio, utamkuta amesimama katikati ya darasa na kifutio mkononi, hajui kimetoka wapi wala kinakwenda kwa nani. Si mtukutu. Maagizo yamemwagika tu. Chuoni Anneth aliambiwa kwamba akilini kuna ghala, kubwa, linaloweka mambo miaka na miaka, na pembeni yake kuna sehemu nyingine ndogo sana ya kushikia kile unachokifanyia kazi sasa hivi. Wataalamu wanaiita kumbukumbu ya kazi. Inashika vitu vitatu, vinne hivi, tena kwa muda mfupi. Usipovirudiarudia moyoni vinaondoka bila kuaga, na kikija kipya kwa kelele kinakisukuma cha zamani.

Alipomweleza mama yake hayo, jioni moja wakichambua maharage, Naserian aliacha kazi akamtazama.

"Kumbe ina jina! Mimi nilidhani ni uzee." Akafikiri. "Ni meza ya cherehani hiyo. Meza ni ile ile, haikui. Ukipanga kitambaa kingine huku, kingine kinadondokea kule. Kinachoshonwa ndicho kiko mezani, na kikiisha kinakwenda kwa mwenyewe. Sasa wewe unataka nikishamaliza kushona nguo ya watu nibaki nayo?"

"Na mbona mahubiri marefu unayaweza?"

"Nakunja. Mteja akija kwa ajili ya mtoto wa shule, sisemi shati, kaptula, sweta, soksi. Nasema sare. Moja hiyo, nafasi nyingine inabaki. Mchungaji naye akisema Ibrahimu, Isaka na Yakobo, nawashika wale wazee watatu kwa mkono mmoja, napumzika."

Anneth alisema hapo chuoni kwao wangempigia makofi. Naserian akamwambia aendelee kuchambua, mawe hayajichambui yenyewe.

Kazi hii ya kubeba maneno hakuitafuta. Mumewe, dereva wa malori, alifariki Anneth akiwa bado anatambaa, na watu wengi walitegemea kwamba mjane kijana mwenye cherehani mjini atajiondokea taratibu kutoka kwa wakwe. Hakuondoka. Mama mkwe wake, ambaye familia nzima ilimwita Koko, yaani bibi, alikuwa anapoteza macho na hakujua Kiswahili zaidi ya kuomba chumvi. Kila Jumapili Naserian alipanda bodaboda kutoka Sekei mpaka bomani kwa wakwe, juu ya Elerai, akamshika Koko mkono, wakashuka naye kanisani, wakakaa benchi la nyuma ambalo baridi ya Meru hulifikia kwanza. Hapo alimnong'oneza sikioni mahubiri yote. Kunong'ona kwenyewe kulikuwa kwa mtu anayeumwa mafua, kwa hiyo bibi wa jirani nao walisikia, wakasogea, kisha wakasogea wengine, mpaka mchungaji akaona nusu ya kanisa imejaa benchi moja la nyuma kama kuku wanaokwepa mvua. Akamwita Naserian mbele. Koko amekwisha kufariki, Mungu amlaze pema, lakini kazi ikabaki.

Sasa tuje kwa baba mkwe, Mzee Yiamat, ambaye ndiye chanzo cha taabu yote ya hadithi hii.

Mzee Yiamat hakwenda kanisani hata siku moja. Alisema yeye na Mungu husalimiana asubuhi zizini, na hakuna haja ya kusumbuana tena. Na Mzee Yiamat, akisema, haweki nukta. Anaanza na mvua ya mwaka ambao nusu ya wasikilizaji hawajazaliwa, anaingia kwa dume fulani lenye madoa, anapitia kwa shemeji zake, na kabla hujakata tamaa kabisa anatokea upande wa pili na neno alilokusudia, likiwa zima na la maana. Wenye lugha yao humsikiliza kwa raha. Mkalimani ndiye anayeumia.

Walikwisha kuonja. Alipoposwa binti mmoja wa ukoo, mkalimani alikuwa Sironka, mpwa wa mzee, fundi magari mzuri sana. Mzee alisema mpaka chai ikapoa ikaweka ngozi juu. Alipofika mwisho, macho yote yakamgeukia Sironka. Sironka akakohoa, akatazama juu, akatazama viatu vyake, akasema:

"Mzee anasema karibuni sana."

Mzee Yiamat hajui Kiswahili cha kubishana nacho, lakini urefu anaujua. Alichukua fimbo yake akaondoka, na uchumba ule uliingia mwaka mwingine kabla watu hawajamaliza kumbembeleza. Sironka mpaka leo akisikia neno karibuni hugeuka kutazama nyuma.

Ndiyo maana Anneth alipoleta habari za Lucky, kijana wa Kichagga anayefundisha naye Tengeru, furaha ya Naserian ilikuwa na mfupa ndani yake. Anneth hana baba. Wa kusimama mahali pa baba ni babu yake, na kwao babu asiposema hakuna ndoa, hata ukumbi ukilipiwa na kadi zikigawanywa. Anneth mwenyewe, kwa kukulia mjini, Kimaa chake ni cha kusalimia na kuomba maziwa. Alimwambia mama yake wazi, "Nataka babu aseme. Na mimi nataka kujua alichosema."

Naserian akapanda bomani kuomba. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka sharti lake kwa ufupi usio wa kawaida yake.

"Nitasema, kama utabeba wewe. Yote. Likidondoka moja nainuka."

Wakwe wengine waligunaguna. Siku ya posa mama wa binti hukaa na wanawake wenzake kwenye masufuria, hasimami katikati ya wanaume kama mwenyekiti wa kijiji. Lakini kila aliyeguna aliulizwa kama anamtaka Sironka, na wote wakanyamaza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya baridi, mlima umejifunika wingu mpaka magotini. Wachagga walifika kwa magari yaliyooshwa, na tope la njia ya bomani likawaonyesha kazi. Mama yake Lucky, Hedwiga, Mkatoliki wa Kibosho, alishuka na vazi la kitenge cha kijani na viatu vilivyomfanya atembee kwa tahadhari kubwa. Mshenga wao alikuwa Mzee Abdiel, mtu wa maneno matamu na goti bovu. Walisalimiana, shikamoo zikapanda na marahaba zikashuka, loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, ikaonjwa na wageni kwa heshima, mbege waliyoleta, pombe yao ya ndizi, ikapokewa kwa upendo wa kweli. Kisha watu wakaketi kwenye mabenchi, wakamgeukia Mzee Yiamat.

Mzee alisimama, akajifunga vizuri shuka lake, akaanza.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Alisema wageni wametoka mbali, Naserian akasema. Alisema ng'ombe wa boma hili wamewaona na hawakukimbia, Naserian akasema, Wachagga wakacheka kwa adabu. Kisha mzee akaikumbuka mvua.

Alikwenda nayo, mvua ile, akamwingiza dume mwenye madoa, akamwingiza mwenye dume, na baba yake mwenye dume aliyekuwa na ugomvi wa maji na mtu wa mlima wa pili, na mtu huyo wa mlima wa pili, angalieni, alikuwa Mchagga. Naserian aliikunja mvua na dume pamoja. Akaukunja ugomvi na maji. Akaweka wazee wawili juu yake. Moyoni alikuwa akiyazungusha kama mtu aliyebeba mayai kwenye kanga, mvua-dume, ugomvi-maji, wazee wawili, mvua-dume, na mzee bado hajapumua, anaongeza tu. Hapo hapo shangazi mmoja mwenye moyo mzuri, aliyekuwa anagawa soda, akamwinamia sikioni.

"Mama Anneth, wewe nikuwekee Fanta au Koka?"

Mvua ikaondoka. Dume akaondoka na madoa yake. Naserian alitafuta kila pembe ya kichwa chake akakuta kimesimama kitu kimoja tu, cha rangi ya chungwa, kinatoa mapovu.

Aliogopa. Nitalisema hivyo hivyo, aliogopa. Alimwona Anneth ameketi kati ya binamu zake, mikono imebanwa mapajani, anamtazama yeye. Mzee Yiamat alikuwa bado anasema, na upande ule Wachagga walikuwa wamesogeza shingo wakingoja. Alijua angeweza kuyajaza mwenyewe. Dakika moja ya mambo ya upendo, amani na ujirani mwema, nani angegundua? Mzee angesikia urefu akaridhika. Lakini wapo mabibi waliokaa pale mlangoni mwa nyumba, wale wale wa mabenchi ya mbele, na wao Kiswahili cha kusikiliza wanacho kuliko wanavyokiri. Na zaidi ya mabibi alikuwapo yeye mwenyewe. Hajawahi kuongeza.

Mzee akavuta pumzi. Ilikuwa ndogo, ya mtu anayemeza mate tu kabla ya kuendelea. Na Naserian, bila kupanga, akasema kwa sauti kubwa:

"Naai!"

Hilo ndilo jibu la watu wao mzee anapobariki. Mzee anatoa kipande cha baraka, watu wanaitika Naai, yaani ee Mungu, naye anatoa kingine. Mzee hawezi kupita juu ya Naai, kama vile dereva hawezi kupita juu ya ng'ombe. Mabibi pale mlangoni, waliofanya hivyo tangu hawana meno ya utotoni, hawakuuliza ni baraka au ni hadithi ya dume. Waliitika wote kwa pamoja, "Naai!" Na Mzee Yiamat, kwa mazoea ya maisha yake yote, akanyamaza.

Alimtazama Naserian kwa jicho la pembeni. Jicho lile lilikuwa na maneno yake. Naserian akainamisha kichwa na kumwomba, kwa Kimaa na kwa sauti ya chini, airudie mvua, maana wageni wameipenda. Mzee akairudia. Safari hii kipande. "Mwaka ule mvua ilikuja bila kuitwa." "Naai!" Naserian akakibeba kikiwa bado cha moto. "Na dume lenye madoa likasombwa na maji." "Naai!" Nacho akakibeba.

Ikawa shwari, isipokuwa kwa wageni. Hedwiga aliposikia watu wanaitika kwa pamoja alijua ni sala, na mtu wa Kibosho hakai chini wakati wa sala. Akasimama, akafanya ishara ya msalaba. Ukoo mzima nao ukasimama nyuma yake, kofia zikavuliwa, Lucky akazima simu. Mzee Abdiel aliinuka kwa kushika bega la jirani, goti likilia. Na kila Naserian alipomaliza kipande, wao wakaitika vyao:

"Amina."

"Dume lile likapatikana limekwama kwenye mgomba."

"Amina."

"Mwenye mgomba akataka kulila."

"Amina," alisema Mzee Abdiel kwa uchungu, na haikujulikana anamwombea nani.

Mzee Yiamat alipoona wakwe wamemsimamia, vichwa wazi, alitekwa. Maishani mwake hakuwahi kupewa heshima namna ile. Badala ya kufupisha akaongeza. Aliwaeleza jinsi Mchagga yule wa mlima wa pili alivyolirudisha dume lile bila kudai kitu, na kwamba tangu siku ile boma hili halijaacha kumngoja Mchagga mwingine mwenye tabia kama hiyo, na pengine leo amefika. Hapo ndipo alipokuwa anakwenda tangu mwanzo. Lucky alifuta macho, akamtazama Anneth kwa kuibia.

Kisha mzee akageuka akamwelekezea Naserian fimbo yake.

"Huyu," alisema.

Naserian alijua kinachokuja ni chake. Alilisikia neno la kwanza na la pili, na papo hapo akahisi meza inayumba, kila kitu kinataka kudondoka. Akafanya alichofanya siku ya mazishi ya Koko, alipomtafsiria mchungaji bila kutoa chozi: aliufunga mlango. Akaacha kuyasikia maneno kama maneno, akayachukua kama mizigo ya mtu mwingine, akipokea huku na kukabidhi kule. "Naai." Akasema kwa Kiswahili. "Naai." Akasema. Sauti yake mwenyewe ilimfikia kama ya mtu wa chumba cha pili, ikisema huyu mwanamke hivi, huyu mwanamke vile. Aliona Hedwiga ametoa leso. Aliona mabibi wameacha kuitika wanatikisa vichwa. Alimwona Anneth amejifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika. Hakujua kwa nini.

Mzee akamaliza, akatema mate ya baraka, akaketi. Vigelegele. Fimbo ilibaki imelazwa mapajani. Hakuinuka kuondoka.

Anneth alimkumbatia mama yake mpaka kilemba kikaanguka. Hedwiga naye akaja, amesahau viatu na tope, akamshika mikono.

"Mama, hongera. Mimi nina wakwe zangu wawili, hawajawahi kunisema hivyo hata kwa ndoto."

"Hivyo vipi?" Naserian aliuliza.

Hedwiga alidhani ni unyenyekevu, akamkumbatia tena.

Basi siku ile mama wa binti alizunguka sherehe nzima akiwa na sahani ya nyama mkononi, anaokota maneno yake mwenyewe. Anneth alisema babu alizungumza habari za benchi, benchi la baridi, ila alilia mno hakusikia mbele. Hedwiga alikumbuka kitu kuhusu kula na kutokula, kizuri sana, hawezi kukirudia vile vile. Mzee Abdiel, mguu umepandishwa juu ya kreti la soda, alisema kwa kweli yeye akili yake yote ilikuwa kwenye goti. Mabibi walimwambia, "Ulisema wewe mwenyewe, mwanetu, tena vizuri, hukupunguza wala hukuongeza," wakaendelea na mbege. Kila mtu alikuwa na kipande chake. Naserian aliketi nyuma ya jiko akaona wivu. Maneno yalipita mdomoni mwake yakaenda kukaa kwa watu wote, na mlango aliufunga mwenyewe.

Asubuhi, kabla ya ibada, alipanda bomani. Wingu lilikuwa limeondoka, Meru umekaa wazi kama jirani aliyekuwa amenuna akasamehe. Mzee Yiamat alikuwa zizini.

"Takwenya," mzee alimsalimu.

"Iko," aliitikia Naserian, kisha akasimama anashikashika pindo la kanga.

"Ulinifunga breki jana," mzee alisema. "Mbele ya watu."

"Nisamehe, Baba. Ulikuwa umenizidi."

"Nimewazidi wengi. Wewe ndiye wa kwanza kunifunga breki." Alionekana kufurahi. "Sema kilichokuleta."

"Nimekuja kuuliza ulisema nini. Pale mwisho. Juu yangu."

Mzee aliacha kukuna shingo ya ng'ombe. "Si ulikuwapo?"

"Nilikuwa kazini, Baba."

Kicheko kikamtoka mzee, cha ndani, kikamkohoza hadi akashika nguzo ya zizi. "Kwa hiyo umewagawia wote," alisema, "wewe hukubakiza."

"Sikubakiza."

"Huo ndio mtindo wako siku zote." Alifuta macho kwa ncha ya shuka. Akasogea, akaegemea fimbo, akamwonyesha gogo la kukalia. Na alipoanza, hakuanza na mvua.

"Mwanangu alikufa," alisema. Akangoja.

Ilimchukua Naserian muda kuelewa kinachongojwa. "Naai," aliitikia.

"Mke wa mtu aliyekufa anaweza kwenda zake. Wewe ulikuja kila Jumapili."

"Naai."

"Ulimketisha mke wangu kwenye benchi la baridi, ukampa maneno yote, wewe hukula hata moja."

"Naai."

"Jioni alinipa mimi. Neno kwa neno, kama ulivyompa. Watu wanasema Yiamat haendi kanisani. Mimi nayajua mahubiri yote ya miaka ile. Nikiwa peke yangu huku, bila yeye, ndiyo ninayoyasikia, na yana sauti yake."

Mzee alingoja, yeye ambaye hangoji mtu. Ng'ombe mmoja akapiga chafya.

"Naai," Naserian alisema hatimaye.

"Yaliyopita kwako yalikaa kwangu. Sikuwahi kukuambia. Nilikuwa nakuita mke wa mwanangu. Wewe ni mwanangu."

Hapo alimaliza. Naserian alilia kama mtoto, wazi, bila leso, kwa kuwa safari hii hapakuwa na mtu upande wa pili anayengoja.

Mzee alimwacha alie. Baadaye akagonga gogo kwa fimbo.

"Umeshika?"

"Nimeshika, Baba."

"Sina hakika. Rudia."

Naserian alijifuta uso, akakaa wima, akarudia kwa Kimaa kutoka mwanzo: mwana aliyekufa, Jumapili, benchi la baridi, maneno yasiyoliwa, jioni, sauti ya Koko, mpaka lile la mwisho, kwamba mwana ni yeye. Mzee alifuata kwa kutikisa kichwa, anakagua. Naserian hakupunguza kitu. Alipofika mwisho akavuta pumzi, akasema neno moja zaidi.

"Ashe."

Ni asante, kwa lugha yao. Mzee Yiamat aliinua fimbo papo hapo.

"Hilo sikulisema."

"Hapana," alijibu Naserian. "Hilo nimeongeza mimi."